Daktari aliyetaka kujua mgonjwa yuko wapi baada ya mwaka mmoja

Wiki tatu zilizopita niliandika hapa kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito, unavyofanyika na nani anaufaa. Ujumbe ulikuja mwingi. Wengi waliuliza bei, wengine waliuliza kama ngozi italegea. Baba mmoja wa Morogoro, mwenye binti wa miaka 16 anayekaribia kilo 140 na ambaye tayari ana kisukari, aliuliza kitu kingine. Alitaka kujua atamtambuaje daktari anayefanya kazi hii vizuri, kwa kuwa kila aliyemuuliza amemwambia kwamba upasuaji wake huenda salama.

Nimelibeba swali hilo siku kadhaa. Sisi wagonjwa (nami huwa mgonjwa) humpima daktari kwa yale tunayoyaona: ukubwa wa jengo, foleni mlangoni, jinsi anavyozungumza, jirani aliyepona kwake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoeleza waliopita mikononi mwake mwaka juzi wako katika hali gani leo. Badala ya kumjibu baba huyu moja kwa moja, leo nitasimulia maisha ya daktari wa Marekani aliyeuliza swali hilohilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, akiwauliza wenzake na akijiuliza mwenyewe, likamgharimu kazi. Jibu la mzazi huyu nitalirudia mwishoni.

Jina lake ni Ernest Amory Codman. Ukiwa umewahi kuumia bega na mtaalamu wa viungo akakuambia uiname, uache mkono uning'inie na uuzungushe taratibu kama pendulumu ya saa ya ukutani, umefanya mazoezi ya Codman. Madaktari wa mifupa wanamjua pia kwa alama fulani inayoonekana kwenye picha ya eksirei ya uvimbe wa mfupa, iliyopewa jina lake. Lakini jambo lililoyatawala maisha yake halikuwa bega wala mfupa.

Alizaliwa Boston tarehe 30 Desemba 1869, katika familia yenye uwezo. Alisoma Harvard, akamaliza shule ya udaktari ya chuo hicho mwaka 1895. Rafiki yake darasani alikuwa Harvey Cushing, ambaye baadaye dunia ilimjua kama mwanzilishi mkubwa wa upasuaji wa ubongo. Enzi hizo kazi ya kumlaza mgonjwa usingizi alipewa mwanafunzi. Aliitwa kutoka kwenye viti vya ukumbini, akakabidhiwa sifongo yenye etha, akaambiwa amshikie mgonjwa puani. Mgonjwa mmoja alifia mikononi mwa Cushing kwa namna hiyo, naye nusura aache udaktari.

Vijana hawa wawili wakawekeana dau la chakula cha jioni: nani atamlaza mgonjwa vizuri zaidi? Ili mshindi apatikane ilibidi kuandika. Wakaanza kujaza karatasi ya mapigo ya moyo na pumzi ya mgonjwa tangu anapolala hadi anapoamka. Huo ulikuwa mwaka 1894, nao wenyewe hawakujua walichokianzisha. Leo mgonjwa hapaswi kuingia chumba cha upasuaji, hata katika hospitali ya wilaya, bila karatasi kama hiyo kuwa karibu na kichwa chake.

Eksirei ilipogunduliwa mwishoni mwa 1895, Codman alikuwa kati ya wa kwanza mjini Boston kuishika, akawapiga picha watoto katika hospitali yao. Watu walikuwa wameishangilia miale hiyo kama muujiza. Yeye alikaa akakusanya taarifa zote zilizochapishwa za watu walioungua ngozi kwa eksirei, akazichambua ili aone ajali hizo zilitokana na nini, akatoa matokeo mwaka 1902. Tabia yake ilishaonekana: wenzake wakisifia kitu kipya, yeye anatafuta wale ambao hakikuwaendea vizuri.

Kufikia wakati huo alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali kuu ya Massachusetts, hospitali yenye heshima kubwa kuliko zote mjini mwao. Kila mwaka hospitali za wakati ule zilitoa ripoti: wagonjwa kadhaa walilazwa, upasuaji kadhaa ulifanyika, kadhaa walifariki, fedha kiasi fulani zilitumika. Mgonjwa aliyetoka getini kwa miguu yake alihesabiwa kuwa amepona. Ngiri ikirudi baada ya miezi minne, au maumivu ya tumbo yakiendelea vilevile, hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mimi huilinganisha hali hiyo na fundi anayeezeka nyumba wakati wa kiangazi, akachukua hela yake na kuondoka, halafu akajisifu kwamba hakuna paa lake hata moja linalovuja.

Dawa aliyoipendekeza Codman ni rahisi kiasi kwamba inaudhi. Kila mgonjwa aliyempasua alimfungulia kadi. Aliandika dalili zilizomleta, ugonjwa aliodhani anao kabla ya kumpasua, alichomfanyia, matatizo yaliyotokea wodini, na ugonjwa uliothibitika mwishowe. Kadi haikufungwa siku ya kuruhusiwa. Mwaka mmoja baadaye mgonjwa alitafutwa na kuulizwa hali yake, na jibu likaandikwa. Matokeo yakiwa mabaya, daktari alitakiwa kuandika sababu bila kupaka rangi: alikosa ujuzi, alikosea kuamua, hakuwa mwangalifu, alikosea kutambua ugonjwa, mgonjwa alikuwa amedhoofu kupita kiasi au alikataa tiba, au lilitokea jambo ambalo hakuna binadamu aliyejua namna ya kulizuia. Mfumo huo aliuita wa matokeo ya mwisho.

Ukiusoma leo utasema hapo hakuna la kugombana. Lakini fikiria unavyomgusa daktari. Kadi zikishakuwepo, zinaweza kupangwa mezani na kulinganishwa. Itaonekana kwamba fulani, profesa mwenye ndevu nyeupe, ngiri zake zinarudi mara nyingi kuliko za kijana aliyemaliza chuo juzi.

Mwaka 1910 Codman alikuwa London katika msafara wa madaktari. Wakirudi kutoka kutembelea hospitali ya kifua kikuu, alipanda gari la farasi pamoja na Edward Martin, daktari wa upasuaji wa Philadelphia, akamweleza wazo lake njia nzima. Martin naye alikuwa na ndoto ya chama cha madaktari wa upasuaji. Mazungumzo ya ndani ya gari lile yalichangia kuzaliwa kwa Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Marekani, kilichoanzishwa 1913. Codman aliwekwa mwenyekiti wa kamati ya kutafuta viwango vya hospitali. Naomba ukikumbuke chuo hicho, maana kitarudi.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Katika hospitali yake vyeo vilipandishwa kwa umri wa kazi: aliyetangulia kuingia ndiye aliyetangulia kupanda, awe hodari au asiwe. Codman alidai cheo kifuate matokeo ya wagonjwa. Hawakumsikiliza. Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo, mtaa wa Pinckney, hapohapo Boston, ili aonyeshe kwa vitendo kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka 1914 alijiuzulu katika hospitali kuu, kisha akawaandikia wakubwa akiomba wamfanye mkuu wa upasuaji, kwa hoja kwamba matokeo yake ya miaka kumi yalikuwa bora kuliko ya wengine. Alijua hawatampa. Alitaka waeleze wanatumia kipimo gani kumnyima.

Kutoka hospitali ile ndogo alichapisha taarifa kwa gharama zake mwenyewe na kuzituma kwa hospitali nyingine. Kati ya 1911 na 1916 wagonjwa 337 waliruhusiwa, na Codman aliorodhesha makosa 123. Makosa yake! Mgonjwa mmoja mmoja, kwa namba. Kuna mgonjwa aliyempasua mfuko wa nyongo, na katika kufunga akaufunga mrija unaopitisha nyongo kutoka kwenye ini, tena bila kutambua alichofanya. Mgonjwa alifariki. Codman aliliandika hilo kama kosa la ujuzi, la wazi kabisa, lake yeye, akaliweka katika kitabu kilichosomwa na washindani wake. Nimekuwa daktari miaka mingi na sijui wangapi kati yetu tungethubutu. Mimi, kwa ukweli, sina uhakika kwamba ningethubutu.

Halafu ikaja jioni ya tarehe 6 Januari 1915. Codman alikuwa mwenyekiti wa tawi la upasuaji la chama cha madaktari wa eneo lao, akaitisha mkutano kuhusu ubora wa hospitali. Alimwalika hata meya wa Boston. Watu walijaa. Baada ya hotuba za wengine alifunua kibonzo kikubwa cha futi kadhaa. Kilimwonyesha mbuni aliyefukia kichwa mchangani, akirusha mayai ya dhahabu nyuma kwa miguu yake. Mbuni alikuwa matajiri wa Boston wanaolipia matibabu bila kuuliza, na waliokuwa wakiyadaka mayai ni maprofesa wa Harvard. Rais wa chuo na wadhamini wa hospitali nao walichorwa pembeni, wakijiuliza kama mayai yataendelea kuja siku mbuni akitoa kichwa na kuona anachokilipia.

Ukumbi ulilipuka. Wengine walitoka, wengine walipiga kelele. Codman alitakiwa kuacha uenyekiti, na nafasi yake ya kufundisha Harvard ikaisha. Marafiki walimkwepa barabarani, na madaktari waliokuwa wakimpelekea wagonjwa waliacha, jambo ambalo kwa mwenye hospitali binafsi linauma kuliko matusi. Madeni yakaanza.

Nadhani alikosea njia. Mtu aliyedhalilishwa mbele ya meya hawezi kurudi wodini kesho yake akafungue kadi kwa moyo mweupe. Codman alikuwa mkali, mwenye kiburi kidogo, na inaelekea alipenda ugomvi zaidi ya ulivyohitajika. Lakini pia alikuwa amewaomba kwa upole kwa miaka zaidi ya kumi, na upole haukuwa umemfikisha popote.

Desemba 1917 meli iliyobeba baruti ililipuka bandarini Halifax, Kanada, ikaua watu karibu 2,000. Codman alikwenda kuhudumia majeruhi. Baadaye aliingia jeshini kama daktari, akahudumu wakati wa homa kali ya mafua ya 1918. Hospitali ya mtaa wa Pinckney ilishafungwa, haikufunguliwa tena.

Wakati huo chuo kile cha madaktari wa upasuaji kilikuwa kimeanza kukagua hospitali, kwa kipimo chepesi zaidi ya kadi za Codman: je, kuna faili la kila mgonjwa, kuna maabara na eksirei, madaktari wanakutana kujadili kazi yao? Walikagua hospitali 692 zenye vitanda 100 au zaidi. Zilizofaulu zilikuwa 89. Kati ya zilizoanguka kulikuwa na majina makubwa mno, kiasi kwamba mwaka 1919, wakiwa katika hoteli moja ya New York, viongozi wa chuo waliichukua orodha na kuichoma katika tanuru la hoteli hiyo kabla waandishi wa habari hawajaipata. Idadi ikatangazwa, majina yakawa majivu. Hata hivyo kazi ya ukaguzi iliendelea, na kadiri miaka ilivyokwenda hospitali nyingi zikafikia kiwango.

Codman hakuacha. Karibu mwaka 1920 alianza kukusanya habari za wagonjwa wa saratani ya mfupa kutoka nchi nzima. Ugonjwa huo ni adimu, na daktari mmoja angeweza kuona wawili au watatu katika maisha yake yote ya kazi, akabaki anakisia. Codman aliwaomba madaktari wamletee kumbukumbu, picha za eksirei na vipande vya uvimbe, vikawekwa pamoja na kufuatiliwa: nani bado yuko hai, alitibiwaje, ugonjwa wenyewe ulikuwa huo kweli? Hiyo inahesabiwa kuwa rejista ya kwanza ya saratani ya aina yake Marekani. Nguvu ya rejista ni hiyo. Jambo linalompata mgonjwa mmoja katika 500 haliwezi kuonekana na daktari mmoja, ila linaonekana mara moja ukikusanya wagonjwa 50,000.

Hospitali kuu ilimrudisha mwaka 1929. Mwaka 1934 alitoa kitabu kikubwa kuhusu bega, na katika utangulizi wake alisimulia maisha yake mwenyewe, pamoja na kushindwa kwake na matumaini kwamba kizazi kingine kitamwelewa. Alifariki tarehe 23 Novemba 1940 kwa saratani ya ngozi, akiwa na miaka 70. Alizikwa katika eneo la ukoo wa mkewe, makaburi ya Mount Auburn karibu na Boston, bila jiwe wala jina. Ilichukua hadi mwaka 2014 ndipo madaktari, wakiongozwa na chuo kile alichosaidia kukizaa, wakamwekea jiwe la kaburi.

Sasa turudi kwenye unene, maana huko ndiko kadi za Codman zimezaa matunda ninayoweza kumwonyesha mzazi wa Morogoro.

Katika miaka ya 1960 na 1970 kulikuwa na upasuaji wa kuunganisha utumbo mwembamba ili chakula kiruke sehemu yake kubwa. Watu walikonda kwelikweli, na siku ya kuruhusiwa kila kitu kilionekana safi. Miezi na miaka ilipopita, wengine walianza kupata mawe ya figo, kuhara kusikoisha, viungo kuvimba, na ini kushindwa kazi. Wapo waliofariki, na wengi ilibidi wapasuliwe tena kurudishiwa utumbo wao ulivyokuwa. Upasuaji huo uliachwa, lakini ulikuwa umeshafanywa kwa maelfu ya watu kabla picha kamili haijaonekana. Kama wangefuatiliwa kwa pamoja tangu mwanzo, picha ingeonekana mapema.

Edward Mason, daktari wa Iowa aliyebuni miaka ya 1960 njia ya kupunguza mfuko wa chakula na kuuunganisha na utumbo, alilielewa hilo. Mwaka 1986 alianzisha rejista ya wagonjwa wa upasuaji wa unene. Na mwaka 2012 chuo kile kilichotokana na mazungumzo ya ndani ya gari la farasi, kikishirikiana na chama cha madaktari wa upasuaji wa unene wa Marekani, kiliunganisha programu zao mbili kuwa moja. Hospitali ikitaka kutambuliwa na programu hiyo lazima iingize kila mgonjwa kwenye kanzidata, bila kuchagua wanaopendeza. Kazi hiyo hufanywa na mtu aliyefunzwa, ambaye si daktari aliyepasua. Mgonjwa anaulizwa siku ya 30, mwezi wa sita, mwaka mmoja, kisha kila mwaka.

Kanzidata hii pia imepata jibu la lalamiko lililomsumbua Codman. Wenzake walisema si haki kuwalinganisha, kwa kuwa wagonjwa wao ni mahututi zaidi. Siku hizi hesabu huzingatia umri, kisukari, moyo, uzito na mengine, ili hospitali inayopokea wagonjwa wagumu isiadhibiwe kwa ujasiri wake.

Matokeo yake? Katika jimbo la Michigan hospitali zilikubali kuweka wagonjwa wao wa unene katika rejista moja. Madaktari wengi walikuwa na desturi ya kumwekea mgonjwa mwenye hatari kubwa kichujio kidogo cha waya katika mshipa mkubwa wa damu kabla ya upasuaji, ili donge la damu lisipande kwenye mapafu. Desturi hiyo ilionekana ya busara kabisa. Rejista ilipochambuliwa, matokeo yalichapishwa mwaka 2010: vichujio havikupunguza madonge ya mapafuni, na vilielekea kuongeza madhara yake vyenyewe. Madaktari wakapunguza kuvitumia.

Madaktari haohao walifanya jambo ambalo Codman angelipenda. Ishirini kati yao walijitolea kurekodiwa video wakipasua, na wenzao wakazitazama bila kujua ni nani, wakatoa alama za ustadi wa mikono. Kisha alama zikalinganishwa na rejista. Katika robo ya madaktari waliopata alama za chini, wagonjwa 14.5 kati ya 100 walipata matatizo. Katika robo ya juu walikuwa 5.2. Upasuaji ni uleule, jimbo ni lilelile. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2013, na safari hii hakuna aliyefukuzwa.

Nisiipambe kupita kiasi. Udhaifu mkubwa wa rejista hizi ni wagonjwa wanaopotea. Mwaka mmoja baadaye wengi hawapatikani, na anayepotea anaweza kuwa amepona hadi amesahau hospitali, au anaumwa na anaona aibu kurudi kwa kuwa uzito umerudi. Kwetu hali ni ngumu zaidi. Watu husafiri nje kwa upasuaji, wanarudi, laini ya simu inabadilishwa. Niliwahi kumpokea mama wa miaka 38 aliyepasuliwa nje ya nchi miezi mitatu kabla. Alikuwa akitapika kwa wiki nyingi, miguu imekufa ganzi, anayumba akitembea. Mwili wake ulikuwa umeishiwa vitamini B1, na hakuwa na karatasi yoyote inayoeleza alifanyiwa nini. Tulimtibu kwa sindano za vitamini, akapata nafuu, ingawa ganzi haikuisha yote. Katika hesabu za hospitali iliyompasua, nadhani mama huyu bado ni mgonjwa aliyetoka salama siku ya tatu.

Basi, baba wa Morogoro, muulize daktari mambo haya, na usione haya. Upasuaji wa aina hii amefanya mara ngapi mwaka uliopita? Kati ya aliowapasua mwaka mmoja uliopita, wangapi bado wanakuja kliniki? Wangapi walivuja pale alipokata au kuunganisha, wangapi walitokwa damu, wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji? Nani atampigia simu binti yako mwezi wa sita, na damu yake itapimwa lini na wapi? Daktari anayesema hajawahi kupata tatizo lolote, ama amepasua wachache, ama haandiki. Anayefungua daftari na kukuonyesha wawili waliovuja na alivyowaokoa, huyo mimi ningemwamini zaidi.

Kuhusu umri, miaka 16 si kikwazo chenyewe. Marekani walifuatilia vijana waliopasuliwa katika hospitali tano, na baada ya miaka mitatu uzito wao ulikuwa umeshuka kwa wastani wa asilimia 27, na kwa wengi waliokuwa na kisukari cha aina ya pili kilikuwa kimetulia. Rejista hiyohiyo ilionyesha pia upande wa pili: zaidi ya nusu yao, asilimia 57, walikuwa na akiba ndogo ya chuma mwilini, na asilimia 13 walihitaji kufanyiwa jambo jingine tumboni. Binti anayepata hedhi huathirika na upungufu wa chuma haraka. Vidonge vya vitamini na madini ni vya maisha yote, na mzazi ndiye atakayehakikisha vinamezwa mpaka binti aweze mwenyewe. Uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba huongezeka, na mimba haitakiwi katika miezi 12 hadi 18 ya kwanza. Mama yake, shangazi au mtu mwingine anayemwamini azungumze naye hilo kabla ya upasuaji, msilikwepe.

Baada ya upasuaji, moyo ukienda mbio, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi, maumivu ya bega yasiyo na sababu au pumzi kubana katika siku na wiki za mwanzo, mrudisheni hospitali usiku huohuo, msingoje kliniki. Kutapika kunakoendelea zaidi ya siku mbili tatu ni sababu nyingine ya kurudi, hata kama ni miezi imepita.

Na mtengenezeeni kadi yake, msingoje hospitali. Daftari dogo la shule linatosha. Andikeni tarehe ya upasuaji, jina la upasuaji wenyewe kama daktari alivyoliandika, jina lake na hospitali, uzito wa siku hiyo, dawa anazotumia na majibu ya damu. Kila miezi mitatu ongezeni mstari mmoja. Ukurasa wa mwisho andikeni namba tatu za simu, mojawapo iwe ya ndugu ambaye habadilishi laini, na nakala ya namba hizo mwachieni muuguzi wa kliniki kabla hamjapanda basi kurudi nyumbani.